All Born Screaming au What Now: ipi uanze nayo?

Tarehe 2 Februari 2025, huko Los Angeles, Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala (alternative, yaani roki na mengine yasiyofuata mkondo wa kawaida) ilichukuliwa na St. Vincent kwa albamu yake All Born Screaming. Katika watano waliowania, wanne walikuwa wanawake: yeye mwenyewe, Brittany Howard aliyeleta What Now, Kim Gordon na The Collective, na Clairo na Charm. Mwanamume alikuwa Nick Cave peke yake, pamoja na bendi yake ya Bad Seeds.

Usiku huohuo St. Vincent aliondoka na tuzo tatu. Mbali na ile ya albamu, "Broken Man" ulitajwa kuwa wimbo bora wa roki, na "Flea" ukashinda kwa upande wa utumbuizaji wa muziki mbadala. Ukiangalia hesabu hiyo utasema mjadala umefungwa. Mimi nasema bado. Grammy inajibu swali la watu wa tasnia kule Marekani: mwaka huu nani kafanya kazi kuwashinda wenzake? Wewe mwenye bando la kuhesabu na jioni moja ya kupumzika una swali lako lingine kabisa: nianze na ipi?

Nitoe msimamo wangu mapema, ili mwenye haraka zake aende. Albamu bora ni All Born Screaming. Ya kuanza nayo, kwa wengi wetu huku, ni What Now. Charm ya Clairo naiacha kando. Ni muziki mtamu na mpole, ila aliyekuja kutafuta roki atalala njaa. Ya Kim Gordon nitaigusa huko mbele, kwa sababu ina watu wake.

Kabla ya kuzifungua, historia kidogo. Kipengele hiki cha Grammy kilianza mwaka 1991, na mshindi wa kwanza alikuwa Sinéad O'Connor wa Ireland, aliyeikataa tuzo yenyewe. Baada yake hakuna mwanamke anayesimama peke yake bila bendi aliyeshinda mpaka 2015, na huyo alikuwa St. Vincent huyuhuyu. Kuanzia 2021 hadi 2025 upepo uligeuka: Fiona Apple, St. Vincent, Wet Leg, boygenius, kisha St. Vincent tena. Miaka mitano mfululizo tuzo ilikwenda kwa wanawake au kwa bendi zinazoongozwa na wanawake. Kwa hiyo majina manne kwenye orodha moja hayakuwekwa hapo kwa huruma. Roki yenye jambo la kusema imehamia kwao, na wanaume wengi wa gitaa bado wanarudia yale ya 1994.

Wanakotoka

St. Vincent jina lake ni Annie Clark. Alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1982, akakulia Dallas, Texas. Mjomba wake na mkewe ndio Tuck & Patti, wanandoa wa jazi wanaotumbuiza kwa gitaa moja na sauti moja, na Clark akiwa binti mdogo alisafiri nao kwenye ziara akishughulika na vyombo. Aliingia chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, akakiacha kabla ya kumaliza, akapiga gitaa na bendi ya Polyphonic Spree na baadaye na mwimbaji Sufjan Stevens, ndipo akaanza kujitegemea. Jina la kisanii alilipata kwenye wimbo wa Nick Cave unaoitaja hospitali ya St. Vincent's ya New York, alikofia mshairi Dylan Thomas mwaka 1953. Ndiyo, Nick Cave yuleyule ambaye Clark alimwacha mikono mitupu mwaka 2025.

Brittany Howard ni mtoto wa Athens, mji mdogo wa kaskazini mwa Alabama, aliyezaliwa 1988. Dada yake Jaime ndiye aliyemwonyesha piano na kumfundisha kuandika mashairi. Jaime alifariki mwaka 1998 kwa saratani ya jicho, Brittany akiwa bado mtoto. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kusambaza barua, huku akipiga na bendi iliyokuja kujulikana kama Alabama Shakes. Albamu yao ya pili, Sound & Color ya 2015, ilishinda kipengele hikihiki cha muziki mbadala. Mwaka 2019 alitoka peke yake na albamu aliyoipa jina la marehemu dada yake, na What Now ni ya pili.

Malezi hayo unayasikia. Clark ni mtu wa kujenga: anapima, anakata, anapanga, ndipo anakufungulia mlango. Howard anamwaga, halafu anaokota kile kilichong'aa.

All Born Screaming kwa karibu

Ilitoka tarehe 26 Aprili 2024. Ina nyimbo kumi na inachukua dakika kama arobaini na moja. Kwenye jalada Clark amesimama gizani mikono ikiwaka moto, na kwa kweli jalada halidanganyi.

Jambo kubwa la kujua ni kwamba hii ndiyo albamu ya kwanza aliyoisimamia studio mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zamani alikuwa na prodyuza John Congleton, kisha kwa Masseduction na Daddy's Home alifanya kazi na Jack Antonoff, prodyuza ambaye alama za vidole vyake ziko kwenye nusu ya pop ya Marekani. Safari hii hakutaka mtu wa katikati. Matokeo yake ni sauti kavu, zenye makali, zilizoachwa na nafasi kubwa ya ukimya kati yake.

Chukua "Broken Man". Unaanza na mdundo wa sinthesaiza uliokatwakatwa, hauna mwangwi, umebanwa mbele ya sikio lako. Sauti ya Clark iko karibu mno na maikrofoni. Gitaa halipewi ruhusa ya kuingia lote. Linatupwa kipande, linazimwa, linatupwa tena. Unabaki unasubiri. Dramu za Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wa Nirvana, zinapofika, zinafika kwa fujo ya mtu aliyekuwa amefungiwa nje ya mlango muda mrefu, na wimbo unageuka kuwa ule uliokuwa umeahidiwa. Hakuna kiitikio cha kuimba bafuni. Kuna kishindo, basi.

Grohl na Clark wana historia. Mwezi Aprili 2014, Nirvana ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la roki, wanabendi waliobaki hawakumtafuta mwanamume wa kusimama alipokuwa akisimama mwimbaji wao marehemu, Kurt Cobain. Waliwaita wanawake wanne: Joan Jett, Kim Gordon, St. Vincent na Lorde. Grohl alikuwa nyuma kwenye dramu. Miaka kumi baadaye amekuja kwenye nyimbo mbili za albamu hii, "Broken Man" na "Flea", wimbo wa mapenzi ambamo mpenzi ni kiroboto anayetafuta damu. Kama unadhani hapo kuna mahaba ya kuchumbiana, subiri gitaa liingie.

Nusu ya kwanza ni giza. "Hell Is Near" unafungua kwa utulivu wa kanisani, na "Reckless" ni wa msiba: unatembea taratibu, sauti chini, halafu mwishoni kabisa unalipuka ukiwa umeshakata tamaa kwamba kuna kitakachotokea. "Big Time Nothing" unaendeshwa na besi ya kuchezeka huku Clark akitaja amri moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu asiyejali. Kisha "Violent Times" unakuja na matarumbeta na hewa ya filamu za majasusi, na kutoka hapo mwanga unaanza kupenya.

"Sweetest Fruit" ni wa kumkumbuka SOPHIE, prodyuza wa Scotland aliyefariki Januari 2021 huko Athens (ya Ugiriki, si ile ya Alabama) baada ya kuteleza na kuanguka alipopanda mahali ili autazame mwezi mpevu. Mwingine angeandika wimbo wa kulia. Clark ameandika wimbo unaorukaruka, wenye milio ya kumetameta, anayesikiliza bila kujua kisa atadhani ni furaha tupu. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu kama mtunzi.

Udhaifu upo. "So Many Planets" unajaribu mdundo wa ska na reggae, na kwa sikio lililokulia reggae ya kwenye daladala na matatu, unasikika umeazimwa. Si mbaya, ila ndio wimbo pekee ambao ningeuruka bila kujuta. Bahati nzuri baada yake unakuja wimbo uliobeba jina la albamu, karibu dakika saba, akiwa na mwimbaji Cate Le Bon wa Wales. Mwanzo gitaa jepesi la kuchangamsha, katikati unabomoka wote, kisha sauti zinajipanga upya juu ya maneno ya jina la albamu yakirudiwarudiwa mpaka yanakuwa kama dhikri. Huo mwisho ndio unaoifanya albamu nzima ieleweke. Ndiyo maana nasema usiisikilize kwa kuchanganya nyimbo.

What Now kwa karibu

Hii ilitangulia, tarehe 9 Februari 2024. Nyimbo kumi na mbili, moja ikiwa ni kipande cha kupumzikia, na zote haziifikishi dakika arobaini. Howard aliitengeneza Nashville akishirikiana na Shawn Everett, fundi wa sauti aliyekuwa naye tangu Sound & Color. Kwenye dramu yuko Nate Smith, mtu wa jazi. Kwenye besi Zac Cockrell, rafiki yake wa tangu Alabama Shakes.

Kama hujawahi kusikia dramu za Nate Smith, hapa ndipo pa kuzisikia. Hapigi kwa nguvu muda wote kama Grohl. Anavuta kidogo nyuma ya mdundo, anauacha unataka kuanguka, halafu anaudaka. Kwenye "Red Flags" dramu hizo zimepitishwa kwenye mashine mpaka zimevunjikavunjika, na wengi wakisikia kwa mara ya kwanza huangalia simu zao. Faili lako halijaharibika; ndivyo walivyotaka.

Kitu cha kwanza kinachokupokea ni sauti. "Earth Sign" unaanza na Howard aliyejirekodi mara nyingi, kwaya nzima ya mtu mmoja, piano chini yake, na inapofika kati kila kitu kinafunguka kwa pamoja. Kuna nyimbo ambazo huhitaji kujua Kiingereza ili zikukamate, na huu ni mmojawapo. "I Don't" unarudi kwenye soul ya miaka ya 1970, sauti zikiwa zimepandishwa juu kwa mashine. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa kuachana, ila umejengwa juu ya gitaa la funk kali kiasi kwamba mguu unatikisika kabla moyo haujajua kuna ugomvi.

Kati ya wimbo na wimbo kuna milio ya mabakuli ya kioo, yale yanayotumika kwenye tiba za kutuliza akili. Linasikika ni jambo la mapambo, lakini lina kazi: kama maji ya kusuuza kinywa kati ya chakula na chakula, yanakuondoa kwenye hisia moja kabla ya kukuingiza kwenye nyingine. Na Howard anayahitaji, kwa sababu nyimbo zake haziko kwenye nyumba moja. Unatoka kwenye soul unaingia kwenye roki, unatoka hapo unakutana na sauti ya Maya Angelou akisoma shairi lake aliloliandika kwa miaka 50 ya Umoja wa Mataifa, kisha ghafla "Prove It to You" inakuwa house kamili, dramu kubwa ikipiga nne kwa nne, ya klabu saa nane za usiku. Anayesikiliza amapiano kila wikiendi hatahitaji mkalimani hapo.

"Samson" ndio ninaoupenda zaidi. Unakwenda polepole, tarumbeta linazunguka bila haraka, na maneno ni ya mtu aliyegawanyika kati ya kukaa na kuondoka. Howard anaimba chini, karibu na kunong'ona, yeye mwenye sauti ya kuweza kubomoa ukuta. Kujizuia huko kunauma kuliko kelele.

Lawama yangu: baadhi ya nyimbo zinakatika wakati ndiyo kwanza zinakolea. "Another Day" unapita kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Tena mchanganyo wa sauti umejaa mno mahali pengine, hasa pale vyombo vyote vinapogombea katikati, na maneno yanamezwa. Unalazimika kwenda kuyasoma.

Ukiziweka bega kwa bega

Tuanze na gitaa, maana wote wawili ni wapigaji wa kweli. Clark ana gitaa lake la kampuni ya Ernie Ball Music Man lililotoka mwaka 2016, jembamba na jepesi, alilolibuni kwa kufikiria mwili wa mwanamke anayelivaa saa mbili jukwaani. Lakini kwenye albamu hii mara nyingi hutajua kama unachosikia ni gitaa. Linakwaruza, linalia, linabweka. Howard anapiga gitaa linalotambulika kuwa gitaa. Sikiliza "Power to Undo": kamba zinasikika, vidole vinasikika, jasho karibu linasikika. Mpenzi wa gitaa aliyelelewa na solo la dansi, lile la mpigaji anayekuambia jambo kwa nyuzi, ataelewana na Howard siku ya kwanza. Clark atamtaka avumilie.

Kwa sauti, hakuna mashindano ya haki. Howard ana mojawapo ya sauti kubwa za kizazi chake, na anaifahamu. Clark ana sauti safi, iliyodhibitiwa, ambayo nguvu yake iko kwenye kuigiza: kwenye wimbo mmoja ni mfiwa, kwenye mwingine ni mtawala, kwenye mwingine ni mdudu. Kama unachagua muziki kwa koo la mwimbaji, swali limeshajibiwa. Kama unachagua kwa mtunzi aliyejificha ndani ya wahusika wake, basi rudi kwa Clark.

Maneno yanatofautiana pia. Clark anaandika kwa picha chache, nyingine za kutisha, na anakuachia uunganishe. Howard anasema jambo lilivyo: nimechoka nawe, nisubiri, sijui nifanyeje. "Every Color in Blue", unaofunga albamu yake, unazungumzia sonona kwa uwazi ambao kwetu watu hukwepa hata kwenye mazungumzo ya ndani. Huo pekee ni sababu ya mtu fulani kuichagua What Now, na huyo mtu anajijua.

Mpangilio wa albamu ndio unaonifanya niiweke All Born Screaming juu. Inakwenda mahali. Kutoka kaburini hadi kwenye uhai, wimbo kwa wimbo, na hakuna unachoweza kukihamisha bila kuharibu. What Now ni nyumba ya vyumba vingi, kila kimoja kizuri, lakini ungeweza kubadilisha chumba cha tatu na cha tisa na hakuna ambaye angekuuliza. Ubaya wa sifa hiyo ya St. Vincent ni kwamba inakutaka dakika zako arobaini na moja zote, kwa mpigo. Howard anakubali umsikilize vipande vipande ukiwa safarini, kwenye foleni, jikoni.

Na kuhusu vifaa: spika ya simu inaziua zote mbili, ila haiziui sawasawa. All Born Screaming inapoteza zaidi. Sinthesaiza za chini zinapotea kabisa, na unabaki na sauti ya mwanamke anayelalamika juu ya kelele za bati. Tafuta hedifoni, hata za bei ndogo, mradi zina besi. What Now bado inasimama kwenye spika ndogo ya Bluetooth sebuleni, kwa sababu sauti ya Howard inapita popote, japo "Red Flags" itakuwa fujo. Ukiwa na gari lenye muziki mzuri, "Prove It to You" na "Big Time Nothing" ndizo za kujaribia spika zako.

Suala la wageni nyumbani nalo lisipuuzwe. What Now unaweza kuiweka Jumapili mchana na hakuna atakayeuliza umekuwaje. All Born Screaming, ikifika "Broken Man", mama atatoka jikoni kuja kutazama.

Na Kim Gordon?

The Collective ilitoka tarehe 8 Machi 2024, mwenyewe akiwa na miaka 70. Huyu ndiye mama wa Sonic Youth, bendi iliyoanza New York mwaka 1981 na iliyowafundisha wengi kwamba gitaa lisilotuniwa vizuri nalo lina lugha. Bibi wa umri huo angeweza kutoa albamu ya nyimbo tulivu za kumbukumbu na kila mtu akampigia makofi. Yeye na prodyuza wake Justin Raisen walichukua mapigo ya trap, ule mtindo wa hip hop, besi za kupasua vioo, wakamwaga juu yake gitaa lenye kutu. Juu ya vurugu hiyo Gordon haimbi, anazungumza. Kwenye "BYE BYE", wimbo wa kwanza, anataja vitu anavyopakia kwenye begi la safari, kimoja baada ya kingine. Ni orodha tu ya vitu, na inatisha.

Ndiyo yenye ujasiri kuliko zote tatu. Kijana wa hip hop anayesema roki ni muziki wa wazee, mpe hii, asijue aliyeimba ana umri gani mpaka imalizike. Mtu mwingine yeyote asianze hapa. Nimeona wapenzi wa muziki wenye masikio mapana wakiizima kabla ya wimbo wa tatu, na siwalaumu.

Ukishachagua

Kwa hiyo tugawane. Umekulia kwaya, soul, R&B, dansi, chochote chenye sauti ya binadamu mbele: chukua What Now, na uanze na "Samson" usiku, kisha urudi mwanzo. Ikikukaa, hatua inayofuata ni Sound & Color ya Alabama Shakes, ambako utamsikia Howard huyohuyo akiwa na bendi nyuma yake na gitaa likiwa mbele zaidi. Jaime ifuate baadaye. Ina huzuni yake ya kipekee na inataka umjue kwanza.

Umekulia Nirvana, Radiohead, Linkin Park, zile kaseti na baadaye zile MP3 za kuchomwa kwenye CD: huna haja ya kunisikiliza habari za kuanza taratibu. Weka All Born Screaming, hedifoni masikioni, kuanzia wimbo wa kwanza. Ikikushika, rudi nyuma hadi Strange Mercy ya 2011, ambayo kwa maoni yangu ina gitaa lake bora kuliko zote. Masseduction ya 2017 ni ya pop zaidi, inang'aa, na kuna watu wataipenda kuliko hii. Daddy's Home, iliyoshinda tuzo mwaka 2022, ni ya hewa ya miaka ya 1970 na inahusu kutoka gerezani kwa baba yake. Nzuri, ila ukitoka kwenye moto wa albamu hii utaiona imepoa.

Wa kutafuta santuri ajue kwamba kwa Dar, Nairobi au Mombasa mara nyingi ataagiza nje, na nauli na ushuru vinaweza kuikaribia bei ya santuri yenyewe. Kwa fedha hiyo ningeagiza All Born Screaming, kwa sababu ndiyo inayolipa pale unapolazimika kuisikiliza upande mzima bila kuruka. What Now inatosha kwenye simu.

Limebaki moja linalochanganya watu wakitafuta mtandaoni. Utakutana na albamu iitwayo Todos Nacen Gritando, iliyotoka Novemba 2024, jina la St. Vincent likiwa juu. Hiyo ni All Born Screaming ileile, muziki uleule, Clark akiwa ameiimba upya kwa Kihispania kwa ajili ya mashabiki wa Amerika ya Kusini, Mexico na Hispania waliokuwa wakimwimbia kwa lugha isiyo yao. Kama Kihispania hukijui hakuna sababu ya kuitanguliza. Ila "Broken Man" ukishaushika vizuri, usikilize kwa lugha hiyo mara moja: maneno yamekuwa marefu, yanaligombania lile pengo la ukimya, na Clark analazimika kuyatema haraka zaidi kuliko anavyofanya kwa Kiingereza.